Mgeni wa Vifungo

Vilianza kuondoka vifungo. Shati la kazini la Rashad lilikutwa juu ya hita likiwa kifua wazi, vifungo vyote havipo, na nyuzi zimekatwa vizuri kabisa, kana kwamba aliyevitoa ni fundi na hakutaka kukiumiza kitambaa. Mwatima akailaumu mashine ya kufulia. Baadaye likawa sweta la skuli la Raisa, binti yao. Halafu likaja koti la Rashad, lile zito la baridi, na hapo lawama zikakosa pa kukaa, kwa sababu mashine ya kufulia haifui makoti yaliyotundikwa nyuma ya mlango.

"Mama Raisa, umefungua biashara ya vifungo?" Rashad alimtania mkewe, koti kalishikilia kwa mikono miwili kama mtu aliyefumaniwa.

Mwatima alicheka kwa mdomo tu. Alikuwa na jambo ambalo hajamwambia mumewe, jambo dogo la kuchekesha, na kila kifungo kilichopotea kililipunguzia uchekeshaji wake. Alikuwa amemkaribisha mtu chakula.

Nyumba yao ilikuwa Hodge Hill, mtaa wa Bamingamu, katika zile nyumba pacha zinazogawana ukuta, jirani akipiga chafya nawe unamwombea rehema. Rashad alifanya kazi kwenye ghala la mikate, zamu za kupokezana. Mwatima alikuwa ameajiriwa na Kamlesh, mwenye studio ya picha Alum Rock, Mhindi mzaliwa wa Mombasa aliyekibeba Kiswahili chake mzimamzima mpaka Uingereza. Raisa alikuwa na miaka saba, mtoto wa Bamingamu hasa: ukimsemesha Kiswahili anakuelewa mpaka kwenye mafumbo, lakini jibu ni Kiingereza. Kiswahili alichokubali kukitamka ni cha wageni tu, shikamoo wakiingia na karibu tena wakitoka. Hayo nayo yalipatikana kwa sababu Mwatima alimsimamisha mlangoni tangu ana meno mawili, akimfinya bega kidogo mpaka aseme. Mtoto asiyejua kumuaga mgeni, alisema Mwatima, hata awe daktari ni bure.

Mwaka ule, elfu mbili na tatu, kamera za dijitali zilikuwa zinaimaliza biashara ya filamu, na Kamlesh hakuchagua kazi. Watu wa historia ya mji wakamletea masanduku ya picha za kale zilizopigwa kwenye vioo, zilizotoka darini kwa marehemu mmoja, zisafishwe na kuingizwa kwenye kompyuta kwa ajili ya maonyesho. Aliyezipiga hajulikani jina. Miaka mia nyuma aliingia na sanduku lake la kamera katika nyua za nyuma za mji huu, kule jua lilikoogopa kuchungulia, akawapiga picha watoto wakiwa kazini: wanaobeba makaa, wanaofua misumari, na wengi zaidi wanaoshona vifungo juu ya kadi, ili vikauzwe madukani. Alitaka wenye makoti mazuri waone ni vidole vya nani vilivyoshughulikia vifungo vyao.

"Hawa Waingereza dunia yote ilikuwa yao, Mwatima," Kamlesh alisema siku walipofungua sanduku la kwanza. "Unguja yako, Mombasa yangu. Na tazama watoto wao wenyewe."

Ni yeye aliyemfundisha kwamba kioo cha zamani ni kivivu, hakinasi haraka. Mpigaji picha huwaambia watoto watulie wasipepese, na anayetikisika picha humfanya ukungu. Kwenye picha moja walikuwepo watoto sita wameizunguka meza, sindano mikononi, nyuso zimenyanyuliwa, na pembeni yao wa saba ambaye hakutulia hata kidogo. Huyo hakuwa na uso wala mikono. Alikuwa moshi mweupe juu ya kigoda.

Hita za studio zilipoharibika, Kamlesh akamwambia Mwatima akafanyie kazi nyumbani. Basi mchana mmoja, Raisa yuko skuli na Rashad kazini, Mwatima alikiweka kioo hicho juu ya sanduku la taa, mezani, na pembeni akajipakulia wali na mchuzi wa samaki. Kwenye kioo kama hicho picha huwa kinyume, cheupe kikawa cheusi. Wale watoto wa Kizungu walikuwa weusi ti, kichwani wana mvi, na macho yanamwangalia. Aliwaona kama watoto wa mtaani kwao, Unguja. Akanyanyua tonge, likamkwama njiani. Mtu wa pwani hali mbele ya macho ya mtu bila kumkaribisha, na hapa macho yalikuwa mengi, yote yana njaa.

"Karibuni, wanangu," akasema.

Akajicheka peke yake, akaenda jikoni kuchukua pilipili na ndimu. Sasa, sisi tunajua mambo haya yanavyokwenda. Unakaribishwa, unajibu "starehe", unapita zako, na mwenye chakula anakula kwa amani. Hakuna anayetarajia ukae. Lakini aliyekaribishwa mchana ule alikuwa wa mji mwingine, hakufundishwa kujibu starehe, na katika umri wake wote hapakuwa na mtu aliyemwambia njoo ule. Mwatima aliporudi, wali ulikuwa umechimbwa ubavuni, na alama za vidole vidogo bado zimo.

Hakula. Aliumwaga wali, akakitazama tena kioo kwa jicho la pembeni, akajiambia ameuchimba mwenyewe akasahau. Watu husahau.

Kutoka siku ile ndipo vifungo vikaanza kuondoka, na baada ya vifungo ikaja harufu. Mwezi wa Disemba magharibi ya Bamingamu haingoji mtu. Watoto hawajavua viatu vya skuli, tayari kiza. Saa hiyohiyo, Mwatima anapotandika mswala, nyumba ilinuka makaa ya mawe na sufu iliyorowa, harufu ya watu wengi katika chumba kidogo, na nyumba yenyewe inatumia gesi na ndani hakuna aliyerowa. Halafu sauti. Vifungo vikimwagwa juu ya meza. Kimya. Uzi ukivutwa, ukikatwa kwa meno. Alipotoa salamu ya mwisho na kugeuka, meza ilikuwa tupu, ila kiti kimoja kilikuwa kinacheza miguu yake ya nyuma, taratibu, kama kiti cha mtoto anayekatazwa kujitingisha na asiweze kuacha.

Raisa naye akabadilika. Aliacha katuni, akaacha kuomba biskuti. Akirudi skuli anaingia kwenye kabati la chini ya ngazi, anajifungia. Mwatima alidhani ni michezo ya kitoto mpaka alipofuata fagio humo kabatini akakuta boksi la konfleksi limekatwa vipande sawasawa, na juu ya kila kipande vifungo vimeshonwa kwa safu, vya shati la Rashad, vya sweta, vya koti, na vingine vya mfupa, vya kizamani, ambavyo havijawahi kuingia katika nyumba ile. Ushonaji ulikuwa wa mtu mzima. Raisa hakujua hata kutunga uzi.

"Nani kakufundisha haya, mwanangu?"

Raisa alijibu kwa Kiingereza chake, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu analala jirani. Alisema amefundishwa na yule asiyeweza kutulia. Mama yake akamuuliza anafananaje, na mtoto akafikiri sana. "He hasn't got one," akasema, yaani hana, mkono ukizunguka mbele ya uso wake mwenyewe. Ndipo Mwatima akaona vidole. Vilikuwa vimechomwachomwa na sindano mpaka ncha zimekuwa kama stroberi.

Skuli nako wakaviona. Mwalimu alimwita Mwatima, akamkalisha kwenye kiti kidogo cha watoto, na kwa upole mwingi akamuuliza ni kazi gani Raisa anafanyishwa nyumbani. Alisema skuli inalazimika kuwaarifu watu wa halmashauri wanaoangalia watoto. Mwatima alitoka pale na hofu mpya, maana sasa alimwona mwanawe anavutwa na pande mbili, na kokote atakakokwenda hatokuwa wake tena.

Jioni hiyo akamwambia Rashad yote, kuanzia wali. Rashad hakumcheka. Alisema kwamba wazee wamekwisha litatua jambo hili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu mgeni mvivu akiliona jembe hukumbuka kwao mara moja. Kesho yake akapita sokoni, akanunua mfuko mzima wa vifungo na uzi, akakata makadi, akavipanga mezani kama anayetandika futari.

"Haya, mgeni," akasema kwa heshima, akitazama kiti. "Jembe lako hilo."

Maskini Rashad. Jembe humtisha aliyewahi kupumzika. Magharibi ilipoingia harufu ya makaa ilijaa nyumba mpaka Mwatima akaziba pua kwa ushungi, na Raisa akatoka kabatini bila kuitwa, akaketi, akashika sindano, na kuanzia hapo ukimwita hasikii, ukimshika mkono unatetemeka ndani ya mkono wako kama mashine iliyowashwa, ukimbeba kitandani vidole vinaendelea kushona hewa juu ya blanketi, na macho yake, yale macho makubwa ya babake, yanakupita yanamtazama mtu aliyesimama nyuma yako, na huthubutu kugeuka kwa sababu sufu mbichi unaisikia shingoni, na mwanao anaitikia kwa kichwa kumjibu huyo mtu kwamba ndiyo, atamaliza, hajachoka. Mwatima alilia, akamsomea kila aya anayoijua, na vidole havikusimama.

Siku iliyofuata alimchukua mtoto studio, kwa kuwa hakuweza tena kukaa naye nyumbani. Kamlesh, kwa kutaka kumchangamsha, akamketisha mbele ya kamera yake mpya akampiga picha. Akatazama kioo cha kamera. Akapiga tena, na tena, akaacha kutania. Katika kila picha sweta la Raisa lilionekana wazi hadi nyuzi zake, na juu ya kola, badala ya uso, kulikuwa na ukungu.

"Hii kamera haifanyi hivi," Kamlesh alinong'ona. "Mimi Mhindu, Mwatima, na mambo yenu siyajui. Lakini tafuta watu wako, leo."

Kabla ya kuondoka Mwatima alikitoa kile kioo mkobani amrudishie. Wakakinyanyua kwenye mwanga. Watoto walikuwa sita. Pembeni palikuwa na ukuta, na kigoda kitupu.

Mtu wake alikuwa Bi Asmahan wa Small Heath, Mpemba, mpishi wa skuli. Ukimuuliza kama anajua mambo ya majini atakuapia kwamba anajua viazi tu, na kisha atauliza mgonjwa ni nani. Alikuja jioni hiyohiyo na chetezo kwenye mfuko wa plastiki. Mwatima akampa shikamoo, naye akaitikia huku anainusa nyumba. Amri yake ya kwanza ilikuwa Rashad atoe betri kwenye king'ora cha moshi, kwa sababu safari moja huko Sparkbrook watu wa zimamoto walimwingilia katikati ya fukizo.

Akamketisha Raisa kwenye mkeka, akamfunika kanga, akamwekea udi na ubani. Moshi ulipotulia chini ya kanga akauliza kwa Kiswahili, kwa adabu, uliyemo u nani. Ilitoka sauti ya Raisa, ila nzito puani, na Kiingereza chake kilikuwa cha mji huu huu lakini cha zamani. Bi Asmahan Kiingereza chake kiliishia kwenye viazi na foleni ya watoto. Ikawa Mwatima, mama mtu, akae katikati awe mkalimani.

"Anasema aliitwa," Mwatima akafasiri. "Aliambiwa aje ale."

"Nani alomwita?"

Mwatima akainamisha macho. "Mie, Bi Asmahan. Nilikuwa nakula, nikakaribisha. Kama watu wanavyokaribisha."

Bi Asmahan alimtazama kwa huruma, akaashiria aendelee. Mwatima akasikiliza chini ya kanga. "Anasema kwao hapana anayekula bure. Amekula, kwa hiyo lazima afanye kazi. Mikono yake haitulii kwenye sindano, ndo anatumia ya mtoto. Anasema..." akamtazama mumewe, "anasema na bwana mwenye nyumba kamletea kazi nyingine, mfuko mzima. Anashukuru sana."

Rashad aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Mtoto alipopitiwa na usingizi, Bi Asmahan aliwavuta wote wawili jikoni, akazungumza kwa kunong'ona. Mtoto wa kwenye picha, alisema, alikufa zamani na Mungu amrehemu, maiti harudi. Lakini kila mwanadamu huzaliwa na jini wake, pamoja, na huyu amefiwa na mwenzake akabaki na kazi tu, hajui lingine. Kumfukuza haiwezekani, kwa sababu amekaribishwa. Mgeni aliyekaribishwa hulishwa akashiba, akaambiwa chakula cha mgeni hakina kazi nyuma yake, akasindikizwa mpaka barabarani kwa adabu. Akivuka hapo, njia ni yake.

"Nawe, Mwatima, nakujua na adabu zako za Kiunguja," akasema, kidole kimenyanyuka. "Akiondoka, ufunge mdomo. Asisikie karibu tena katika nyumba hii. Akilisikia hilo, mie sirudi, na wala sitakudanganya kwamba yupo mwengine atakayeweza."

Walifanya hivyo kesho yake, Bi Asmahan alipotoka kazini. Mwatima alipika kama anayepokea mahari: wali wa nazi, mchuzi, sambusa, mkate wa ufuta. Vifungo vyote na makadi yote yaliondolewa. Akakaa chini na Raisa, na upande wa pili wa sinia akaacha nafasi. Mikono ya mtoto ilikuwa bado inashona hewa. "Kula, baba," Mwatima akaiambia nafasi ile, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. "Kula ushibe. Hapa hapana kazi. Wewe ni mgeni wetu."

Wali wa upande ule ukashuka. Ulishuka kidogo, ukangoja kama anayeogopa kupigwa, ukashuka tena, na Mwatima akawa anaongeza, na katikati ya hofu yake ikamwingia huruma isiyo na pa kwenda, kwa sababu haijapatapo kuonekana njaa kama ile. Mwisho kulisikika kitu kama kucheua, kidogo, cha aibu. Vidole vya Raisa vikasimama. Vikalala juu ya mapaja yake, kimya, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mfuko.

Wakatoka, Mwatima kulia, Rashad nyuma. Raisa alitembea katikati, mkono wake wa kushoto ameunyoosha pembeni kama aliyeshikana na mtu mfupi kuliko yeye. Bi Asmahan alibaki mlangoni na chetezo. Kwenye kituo cha barabara kubwa basi likaja, likajiinamisha upande wa mlango kama yanavyofanya kwa wazee na wenye mikokoteni ya watoto. Dereva, Singasinga mwenye ndevu nyeupe, alikitazama kidaraja cha kupandia, akangoja, macho yakifuata kitu kinachopanda polepole. Kisha akawauliza kama huyu mdogo anasafiri peke yake.

"Anakwenda kwao," Mwatima akajibu.

Dereva alitikisa kichwa kwa wazazi wa siku hizi, akatazama kioo chake cha juu mpaka aliyepanda alipopata kiti, akafunga mlango.

Mkono wa Raisa ukashuka. Rangi ikamrudi mtoto usoni, Mwatima akimwangalia, naye akamtazama mamake, akamwona, akasema kwamba ana baridi na anataka tosti. Mwatima alimkumbatia hapo hapo barabarani, machozi yanamtiririka, midomo ameibana kwa meno hadi inauma, kwa maana adabu ya miaka yote ilikuwa imemjaa mdomoni inataka kutoka. Alimgeukia Rashad. Naye alikuwa ameubana wake. Wakatazamana wakijua kwamba wameshinda.

Lakini hakuna aliyekumbuka kumwonya Raisa. Bi Asmahan alipotoa onyo lake jikoni, yeye alikuwa amelala chini ya kanga. Basi lilipoanza kuondoka, mtoto alijitoa kifuani mwa mama yake, akasimama wima kama alivyozoezwa, akapunga mkono.

"Karibu tena," akasema, Kiswahili safi, kisicho na kosa hata moja.

Basi lilikuwa limekwisha shika mwendo. Lilikwenda mpaka mbele kidogo, mahali pasipo na kituo wala abiria, likawasha taa nyekundu za nyuma, likasimama. Mlango ukafunguka.

Raisa akaunyoosha tena mkono wake wa kushoto pembeni, akaufungua, akangoja.